Kitanda cha mtu wa reli: historia ya raningirumu ya Tabora

Mwanzisha uzi:

Ndugu zangu wa Tabora na Kigoma, na wote mliolelewa katika kota za reli popote mlipo, ninawasalimu; wazee wangu mliomo humu, shikamooni. Wiki iliyopita nilipita mbele ya ile nyumba ndefu ya bati iliyo ng'ambo ya njia za kupangia mabehewa hapa Tabora, nikakuta dirisha la tatu limezibwa kwa mbao na mlango wa jikoni umeng'olewa pamoja na bawaba zake. Vijana wawili waliokuwa wamekaa barazani waliniambia kwamba hilo lilikuwa ghala la pamba. Sikuwalaumu, kwa sababu hakuna kibao kinachoeleza vinginevyo, lakini nilisikitika sana, kwa kuwa marehemu baba yangu, aliyekuwa fayamani, yaani mchochea moto wa injini, na baadaye dereva wa treni mwenye makao yake Kigoma, kuna miezi alilala katika nyumba hiyo siku nyingi kuliko alizolala nyumbani kwetu.

Nyumba hiyo haikuwa ghala. Ilikuwa raningirumu, yaani nyumba ya kupumzikia wafanyakazi wa treni: dereva, fayamani na gadi (msimamizi wa treni) ambao wameleta treni kutoka kwao, wameikabidhi kwa wenzao wa Tabora, na sasa wanasubiri treni ya kurudi nayo. Abiria hakuruhusiwa kulala humo hata awe na fedha kiasi gani, na wala mfanyakazi mwenyewe hakuruhusiwa kuhamia humo na mke na watoto. Mtu aliingia na sanduku lake la bati, akaandika jina katika daftari, akaoga, akala, akalala saa alizopangiwa, akaitwa, akaondoka. Mara nyingi kitanda kilikuwa hakijapoa kabla ya mwingine kukipanda.

Ninataka tuiandike historia ya nyumba hiyo. Reli yetu inasimuliwa kwa stesheni, madaraja na injini, na kitanda kinaachwa, ilhali ukiuliza ni nani alipewa kitanda, cha namna gani na kwa saa ngapi, utajua reli ilimhesabu mtu kuwa nani. Nitaeleza ninayoyajua kwa sehemu, na ninaomba wenye kumbukumbu waongeze.

Mwanzisha uzi (sehemu ya kwanza):

Kabla ya reli, safari ya kutoka pwani hadi hapa ilikuwa ya miguu na mabega. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, walioondoka pwani mwaka 1857 na msafara wa wapagazi, walitumia siku 134 kufika Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo. Wapagazi, ambao wengi wao katika njia hii walikuwa Wanyamwezi, walikuwa na vituo vyao, na umbali kati ya kituo na kituo ulikuwa mwendo wa siku moja wa mtu mwenye mzigo. Hapo walizungusha boma la miiba, wakawasha moto, wakalala. Reli ilipokuja ilirithi hesabu hiyohiyo. Njia ndefu haimalizwi kwa nguvu za mtu mmoja, na pale nguvu zake zinapokoma ndipo pa kumwekea malazi.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kazi ilifanywa na kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann, na njia ikawa ya upana wa mita moja, ambao ndio upana wa reli yetu ya zamani hadi leo. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni takribani kilomita 1,250, na Tabora iko kama kilomita 840 kutoka pwani. Hesabu hizo ndizo zilizoizaa nyumba yetu. Injini ya mvuke ilihitaji maji na kuni kila baada ya mwendo fulani, ilihitaji kusafishwa majivu, na zaidi ya yote ilihitaji watu wawili walio macho. Fayamani wa enzi za kuni, aliyekuwa akitupa magogo ya miombo katika mdomo wa tanuri kuanzia jioni mpaka alfajiri, huku sakafu ya chuma ikimtikisa na uso ukiungua mbele na mgongo ukipigwa na baridi nyuma, hakuweza kuteremka, kugeuza injini na kurudi alikotoka. Ilibidi alale.

Katika miaka ya Wajerumani malazi ya kibarua Mwafrika yalikuwa kambi, na kambi hiyo ilihama kadiri mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini ya vyuma vya njia, yalivyosogea mbele. Vita vilipofika huku, Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja mengi ya reli. (Mwaka huohuo, kwa kukosa fedha, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo katika karakana ya reli ya huku kwetu, wanaokusanya sarafu duniani wanazijua kwa jina la Tabora kuliko wanavyoujua mji wenyewe.) Waingereza walipokabidhiwa nchi walitengeneza njia, kisha wakafanya jambo lililobadilisha kabisa mahitaji ya malazi hapa: walijenga tawi kutoka Tabora hadi Mwanza, likakamilika mwaka 1928. Tangu hapo Tabora haikuwa tena kituo cha katikati ya njia moja. Ikawa njia panda, ambapo watu wa Dodoma, wa Kigoma na wa Mwanza walikutana, kila mmoja akiwa mbali na mkewe na kila mmoja akiwa na saa zake za kuamka.

Mchangiaji kutoka Nzega:

Shikamoo mzee, na asante kwa uzi huu. Naomba kuuliza jambo moja ili nisipotee. Je, nyumba unayoizungumzia si ile hoteli ya zamani iliyo karibu na stesheni, ambayo tumeambiwa tangu tukiwa watoto kwamba Wajerumani waliijenga kwa ajili ya Kaisari, mfalme wao, atakapokuja?

Mwanzisha uzi:

Marahaba, kijana wangu. Ni vizuri umeuliza, kwa sababu mkanganyiko huo ndio ulioifunika raningirumu. Hoteli unayoitaja ni jengo jingine. Kwa miaka mingi iliitwa Railway Hotel, na leo inajulikana kwa jina la Orion. Ilipokea abiria wenye uwezo, maofisa na wageni wa serikali. Kuhusu Kaisari, Kigoma nako kuna nyumba inayosimuliwa hivyohivyo, lakini Kaisari huyo, Wilhelm wa Pili, hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Tazama basi jinsi mambo yalivyo: mfalme ambaye hakuja ana majengo mawili yanayomkumbuka katika njia hii, na watu waliolala hapa kila usiku kwa zaidi ya nusu karne hawana hata kibao.

Mwanzisha uzi (sehemu ya pili):

Baba aliajiriwa mwaka 1957. Alinieleza kwamba alipokuja Tabora mara ya kwanza, watu watatu walishuka kutoka treni moja na kila mmoja akaelekea upande wake. Dereva, ambaye alikuwa Mzungu, alikwenda kwenye nyumba yenye veranda ya wavu wa mbu, mpishi na shuka nyeupe. Gadi, Mhindi, alikwenda kwenye nyumba ya pili, iliyokuwa na vyumba vya watu wawili wawili na jiko la kujipikia. Baba, fayamani, alikwenda kwenye nyumba hii ndefu, ambayo wakati huo ilikuwa ukumbi mmoja usio na kuta za ndani, wenye safu mbili za vitanda vya chuma visivyo na magodoro. Kila mtu alitandika mkeka wake juu ya vyuma. Mgawanyo huo wa rangi ulikuwepo katika kila kitu cha reli wakati huo, kuanzia mishahara hadi mabehewa, lakini baba alisema kwamba hakuna mahali ulipomuuma kama pale, kwa sababu watu hao watatu walikuwa wametoka usiku mmoja, moshi mmoja na hatari moja.

Baada ya uhuru mgawanyo ule ulivunjwa hatua kwa hatua. Waafrika walipanda kuwa madereva na magadi kwa wingi, nyumba ya kwanza na ya pili zikageuzwa kuwa ofisi na kota, na nyumba ndefu ikakarabatiwa ili iwe ya wote: ukumbi ukakatwa vyumba kwa kuta za matofali, vitanda vikapata magodoro ya sufi, na mablanketi ya kijivu yakaletwa yakiwa yamefumwa herufi za Reli za Afrika Mashariki, shirika lililokuwa likiendesha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja tangu mwaka 1948.

Nyumba hiyo iliyokarabatiwa ndiyo niliyoijua mimi. Mwaka 1971 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari hapa Tabora, na kila nilipopata ruhusa siku ambayo zamu ya baba ilimleta, nilitembea kwa miguu hadi mlango wa jikoni. Mlango wa mbele sikuruhusiwa kuupita, kwa sababu katika nyumba ile palikuwa daima na mtu aliyelala. Mchana mtu alilala, usiku mtu alilala. Vioo vya madirisha vilipakwa rangi nyeusi kwa ndani ili jua la saa saba lisimwamshe mtu atakayeendesha treni saa saba usiku, na mlinzi wa nyumba, mzee mmoja mkali wa Kimanyema, alivaa makubazi ya mpira wa gari yaliyokatwa visigino ili yasipige sakafu.

Jikoni ndiko palipokuwa na uhai. Kulikuwa na mafiga sita ya matofali yaliyojengwa ukutani, kila figa likiwa na wavu wa chuma uliotengenezwa lokoshedi (karakana ya injini) kutokana na vyuma vya injini vilivyochakaa, na juu yake dari lilikuwa jeusi linalong'aa kama limepakwa lami. Mfanyakazi alikuja na chakula chake katika sanduku, na kwa kuwa kila mmoja alitoka upande wake wa nchi, masanduku yalipofunguliwa nchi nzima ilijikuta juu ya meza moja. Baba alileta dagaa wa Kigoma katika kikapu cha ukindu, chupa ya mawese iliyozibwa kwa gunzi la hindi, na chumvi ya Uvinza iliyofungwa katika kitambaa. Watu wa Mwanza walileta mchele wa Shinyanga na sato waliokaushwa. Watu wa Dodoma walileta karanga na ubuyu. Wenyeji wa Tabora, ambao hawakulala humo lakini walipenda kupita, walileta asali, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), na ikifika Novemba wakaleta maembe kwa gunia. Hakuna aliyepika peke yake. Sheria isiyoandikwa ilikuwa kwamba anayekaribia kuitwa anapakuliwa kwanza, na anayesubiri hadi kesho anaosha sufuria.

Kuitwa kwenyewe kulikuwa na utaratibu ambao ninautamani uandikwe vizuri, maana sijauona ukielezwa popote. Kijana aliyeitwa kolboi alitumwa kutoka ofisi ya zamu akiwa na taa ya chemli na kitabu. Aliingia kimya, akatafuta namba ya kitanda katika ubao mweusi uliokuwa nyuma ya mlango, akamgusa mtu mguuni, kamwe si begani, kwa sababu mtu aliyezoea injini akiguswa bega usingizini huinuka kwa nguvu kama anayeshika breki. Kisha alisoma kwa sauti ya chini namba ya treni na saa ya kuondoka, na mtu alitia sahihi kitabuni. Sahihi hiyo ilikuwa nzito. Aliyetia sahihi hakuweza tena kudai kwamba hakuitwa, na ambaye jina lake halikuwa na sahihi hakuweza kuadhibiwa kwa kuchelewa. Baba alijifunza kuandika jina lake kwa ajili ya kitabu hicho, kwa vile alikuja kazini akijua kusoma hesabu tu, na hadi alipofariki sahihi yake ilikuwa imeinamia kushoto, kama ya mtu anayeandika akiwa amelala ubavu.

Mchangiaji kutoka Kigoma:

Kaka yangu, nimesoma nikajikuta nimerudi utotoni. Mimi ni binti wa gadi, nami ninaomba kuongeza ya upande wetu, kwa kuwa raningirumu ya Tabora ilikuwa na ndugu yake hapa Kigoma, na mambo ya Kigoma yalikuwa tofauti kidogo kwa sababu ya ziwa.

Huku treni ilisubiri meli. Meli yetu, ambayo leo inaitwa Liemba, yenyewe ililetwa kwa reli hii: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina jipya. Tangu hapo, meli ilipochelewa kusini, abiria na mizigo yao walichelewa, na watu wa treni waliokuja kutoka Tabora wakabaki katika vitanda vya Kigoma siku mbili au tatu. Mama yangu aliwajua wengi kwa majina, kwa kuwa waliponaswa namna hiyo walikuja kuuliza kama kuna wa kuwafulia ovaroli. Ovaroli za mafayamani hazikufulika kwa sabuni ya kawaida. Mama alizichemsha kwa maji ya majivu ya majani ya migomba, akazisugua juu ya jiwe, na bado maji ya tatu yalikuwa meusi.

Kaka ametaja sanduku la bati. La baba lipo hapa nyumbani, na nimelifungua leo ili niandike kwa uhakika. Kifuniko kina jina lake kwa rangi nyeupe. Ndani kuna bendera mbili, ya kijani na nyekundu, zilizokunjwa kwenye vijiti vyake, filimbi, taa ya mkono yenye kioo cha kuzungusha ili itoe mwanga mweupe, mwekundu au wa kijani, na kikasha kitupu cha fataki za reli, ambazo gadi alizifunga juu ya chuma cha njia nyuma ya treni iliyokwama ili treni inayokuja isikie mlipuko na kusimama. Upande wa chini kuna sehemu ya chakula, na humo ninaona bado rangi ya mawese iliyoganda katika pembe. Usalama wa abiria mia kadhaa na ugali wa usiku vilikaa katika sanduku moja, ndiyo maana watoto tulichapwa tukiligusa.

Mwanzisha uzi:

Dada, umenipa zawadi. Ninakuomba ulipige picha sanduku hilo likiwa wazi, na usikubali mtu yeyote alipake rangi upya.

Mwanzisha uzi (sehemu ya tatu):

Sasa nifikie jambo ambalo wakubwa wa reli wenyewe hawakulipanga. Ukiwakusanya katika jiko moja watu wa Dodoma, Kigoma na Mwanza, wakiwa na saa nane za kukaa pamoja bila bosi, watazungumza mishahara. Mgomo wa mwaka 1947 ulianza kwa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam mwezi Septemba, ukaenea kwa watu wa reli na kupanda nao bara. Habari haikuhitaji gazeti. Ilipanda injini jioni, ikalala Dodoma, ikapanda tena, ikafika kwenye meza ya Tabora ikiwa bado moto, na kutoka hapo ikagawanyika njia mbili, moja ya ziwa hili na nyingine ya ziwa lile.

Mwaka 1960 ulikuwa mkubwa zaidi. Chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli, kilichojulikana kwa kifupi kama TRAU na ambacho katibu mkuu wake alikuwa Christopher Kasanga Tumbo, kiliitisha mgomo wa kudai maslahi bora, na mgomo huo ulidumu siku 82. Baba alikuwa na miaka mitatu tu kazini. Alisema mgomo ulipotangazwa alikuwa Tabora, na wote waliokuwamo katika nyumba ndefu walikunja mikeka yao, wakafagia, wakazima mafiga na kumkabidhi mlinzi funguo, ili asije mtu kusema kwamba waliharibu mali. Yeye na wenzake wa Kigoma hawakuwa na treni ya kuwarudisha. Walikwenda kwa lori la mizigo, kwa mguu na kwa lori tena, wakapita Urambo, Kaliua na Nguruka kando ya njia ambayo walikuwa wameipita mara nyingi usiku bila kuiona. Huko Nguruka wenyeji wa magenge ya reli, yaani vikundi vya watunza njia, ambao nao walikuwa wamegoma na hawakuwa na kitu, waliwapa mihogo. Siku 82 ni nyingi kwa mtu asiye na akiba, na mama yangu aliuza khanga zake zote isipokuwa mbili, lakini sikumsikia baba hata siku moja akijuta.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam:

Kwa heshima zote, mzee, ninaona mnalia juu ya nyumba ya bati. Reli ya kisasa inajengwa, mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma chenye kilomita 506 ulisainiwa Desemba 2022, na treni za umeme hazitahitaji fayamani wala mafiga. Eneo hilo litahitajika kwa mambo yenye faida. Kwa nini fedha za wananchi zitumike kutunza mahali ambapo watu walilala tu?

Mwanzisha uzi:

Ndugu, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Kwanza, siombi fedha nyingi, wala siipingi reli mpya. Ninaisubiri kwa hamu, na dereva wa treni ya umeme naye ni binadamu mwenye macho mawili yanayochoka, kwa hiyo nina hakika atajengewa mahali pa kulala, na aliyepanga vyumba vyake angefaidika kuona vioo vyetu vilivyopakwa rangi nyeusi.

Pili, umesema watu walilala tu. Kilomita chache kutoka hapa, Kwihara, pana tembe linalotunza kumbukumbu ya Livingstone, aliyekaa huko miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani. Watalii hulipa kiingilio waone chumba alicholala. Nimewapeleka wanafunzi wangu huko mara nyingi nilipokuwa mwalimu, na sijutii. Lakini kama miezi ya mgeni mmoja akingoja wapagazi imepata makumbusho, vizazi vitatu vya watu wetu waliosubiri treni wanastahili angalau bamba la chuma mlangoni.

Tatu ni suala la sheria, ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo halina ulinzi mpaka waziri alitangaze. Maana yake ni kwamba reli yote, kuanzia taruma la kwanza, imeangukia nje ya ulinzi huo wa moja kwa moja, na tusipoomba sisi, hakuna ngazi ya serikali inayolazimika kulikumbuka jengo hili lenyewe.

Na kuhusu kuchakaa kwake, haikuchakaa kwa siku moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania lilirithi njia na nyumba pamoja. Injini za dizeli nazo ziliiondoa kazi ya fayamani. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, ubia ambao haukudumu miaka mitano, na mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe yaliikata njia kwa miezi. Treni zilipopungua, vitanda vilikaa vitupu. Vilipokaa vitupu, vikahamishwa. Vilipohamishwa, bati likaanza kuvuja bila mtu wa kulalamika.

Kilichoniumiza kuliko bati ni madaftari. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, nikaomba kuona vitabu vya kolboi na madaftari ya vitanda. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti, kisha nikaambiwa kwamba karatasi za zamani zilitolewa kupisha makabati mapya, na nyingine walipewa kinamama wa sokoni wafungie karanga. Hapo ndipo nilipoacha kungoja ofisi.

Mchangiaji kutoka Nzega:

Mzee, mimi nina simu yenye kamera nzuri na futi ya kupimia ya fundi. Jumamosi nitakuwa Tabora kwa shughuli zangu. Ukinielekeza nitakuja tuichore nyumba hiyo, chumba kwa chumba.

Mwanzisha uzi (Jumapili, taarifa ya jana):

Kijana wetu wa Nzega alikuja kama alivyoahidi, na wale vijana wawili wa barazani walijiunga nasi baada ya kujua kwamba halikuwa ghala. Nyumba ina urefu wa mita 31 na upana wa mita saba na nusu. Ina vyumba 11, na katika vyumba tisa alama za miguu ya vitanda bado zinaonekana kwenye saruji, vinne kwa kila chumba, isipokuwa chumba cha mwisho chenye viwili, ambacho ninakumbuka kilikuwa cha wagonjwa. Vioo saba kati ya vilivyobaki vina rangi nyeusi kwa ndani. Mafiga matano yamesimama, la sita limebomolewa matofali yake.

Ubao mweusi uko mahali pake nyuma ya mlango wa mbele. Ulikuwa umepakwa chokaa, nasi tuliifuta sehemu ndogo tu ya pembeni kwa kitambaa kibichi, tukakuta safu nne zilizochorwa kwa rangi nyeupe: namba ya kitanda, jina, treni, saa ya kuitwa. Katika mstari wa kitanda cha sita pana chaki hafifu inayosomeka saa 8.40. Jina limefutika. Tumeufunika kwa turubai safi, nimemwachia mmoja wa vijana kazi ya kuutazama kila jioni, na Jumamosi ijayo tunarudi kupima jiko.

Mchangiaji kutoka Kigoma:

Nisubirini. Ninakuja na treni ya wiki hii, nami nitalileta sanduku.